Laki saba, mwaka wa kwanza Chuo cha Mipango: laptopu ipi itamfikisha mwaka wa tatu?

Mama_Kisasa

Habari za jioni wakuu. Binti anaanza shahada mwaka huu pale Chuo cha Mipango hapa Dodoma, upande wa mipango ya maendeleo ya mikoa. Bajeti ya laptopu ni laki saba, haiongezeki. Ushauri niliopata mpaka sasa unapingana. Mmoja anasema nichukue mpya ya kwenye boksi, Celeron, RAM GB 4, ina waranti ya mwaka. Mwingine anasema nichukue used ya Dubai, "i7, RAM 8, inaruka kama swala". Kazi zake ni Word, Excel, takwimu, na nimeona kuna ramani za GIS (ramani za kwenye kompyuta).

Naomba anayejua anieleze nini cha kukagua kabla sijatoa hela, maana ukishavuka mlango wa duka hairudi. Na je, ninunue hapa hapa au nitume mtu Kariakoo?

fundi_sabasaba

Shikamoo mama. Zote mbili ulizotajiwa ziweke pembeni kwanza.

Laptopu nyingi za Celeron (prosesa ya Intel ya bei nafuu) za bei hiyo zina viini viwili tu vya prosesa, yaani ubongo wa mashine, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC (chipu ya kuhifadhia mafaili) ya GB 64 ambayo nayo imechomelewa. Hakuna siku utaongeza chochote. Windows 11 yenyewe inataka RAM GB 4 na hifadhi GB 64 kama kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo unanunua kitu kipya ambacho tayari kipo sakafuni. Weka Office, lije sasisho moja kubwa, nafasi imekwisha. Waranti inakulinda mashine ikifa. Ikiwa kobe tangu siku ya kwanza, waranti haikuhusu.

Upande wa pili, neno "i7", jina la familia ya prosesa za Intel, peke yake halina maana yoyote. Muulize muuzaji namba nzima ya prosesa. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i7-7600U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8. Ikianza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, basi ni kizazi cha 10 na cha 11. Herufi U mwishoni maana yake ni prosesa inayokula umeme kidogo, ambayo ndiyo inamfaa mwanafunzi.

Mstari wa kutovuka ni kizazi cha 8. Hadi kizazi cha 7, i5 na i7 za herufi U zilikuwa na viini viwili. Kuanzia cha 8 zikawa na vinne. Kwa hiyo i5-8250U inaiacha mbali i7-7600U kwenye kazi inayotumia viini vyote, ila winga (dalali wa mtaani) atakuuzia hiyo i7 kwa bei kubwa zaidi kwa sababu jina linauza. Jambo la pili ni Windows. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mafundi wanaweza kuilazimisha kwenye kizazi cha 6 na itawaka vizuri tu, lakini matoleo mapya ya kila mwaka hayatakuja yenyewe na kila mara utarudi kwa fundi. Ukikuta ya AMD, Ryzen 5 3500U kwenda juu ni salama.

Kwa laki saba tafuta used za kiofisi: HP EliteBook 840 G5 au G6, Dell Latitude 5490 au 7490, Lenovo ThinkPad T480. Zimetengenezwa zifunguliwe: RAM inatoka, SSD (diski ya kuhifadhia) inatoka, betri inabadilishwa, na vipuri vipo kwa sababu ni nyingi mtaani. Lakini usinunue jina la modeli. 840 G5 na 7490 zilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7, na ganda ni lile lile. Soma namba.

ThinkPad X1 Carbon ni nzuri mkononi, ila RAM yake imechomelewa. Ukiichukua yenye GB 8 utakufa nayo hiyo hiyo.

ramani_na_takwimu

Naongezea upande wa kozi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea RAM.

Word, Excel na SPSS (programu ya takwimu) havihitaji mashine ya ajabu. Kitakachoibana ni GIS. QGIS ni programu ya GIS ya bure, inatembea vizuri kwenye RAM GB 8 na SSD, na ukifungua ramani ya kata zote za nchi ukaunganisha na jedwali la Sensa ya 2022 haitalia. ArcGIS Pro, programu nyingine ya GIS, ni habari nyingine: GB 8 kwake ndiyo kiwango cha chini, chini ya hapo ni kuteseka, na inatembea kwenye Windows tu. Kwa hiyo kama kuna mtu atamshawishi binti achukue MacBook, mwambie hilo mapema.

Picha za setilaiti nazo ni nzito. Kipande kimoja cha picha ya setilaiti ya Sentinel-2 kinafunika kama kilomita 100 kwa 100 na kikishushwa kinakaribia GB 1. Ukichukua vipande viwili, vya kiangazi na vya masika, ukaanza kulinganisha uoto, GB kadhaa zimekwenda na bado hujahifadhi matokeo. SSD ya GB 256 inatosha kama atazoea kuhamishia kazi za zamani kwenye diski ya nje. GB 128 hapana.

Kitu ambacho hakitajwi dukani ni kioo. Latitude na ThinkPad za miaka hiyo zilitoka pia na kioo cha 1366×768. Kwenye QGIS orodha ya tabaka inakaa kushoto, zana juu, jedwali chini, na ramani yenyewe inabaki na kidirisha kama cha kibanda cha M-Pesa. Dai 1920×1080. Bofya kulia kwenye eneo la kazi, fungua mipangilio ya kioo, soma namba. Usiulize.

RAM GB 8 ya kuanzia inatosha mwaka wa kwanza, mradi nafasi ya pili iwe wazi. Mwaka wa pili unaongeza GB 8 nyingine. Vipande viwili vinavyolingana pia vinaisaidia sehemu ya picha, kwa sababu mashine hizi hazina kadi ya picha ya peke yake, zinakopa RAM.

fundi_sabasaba

Ahsante kwa hilo la kioo. Sasa ukaguzi wa dukani. Nenda mchana, beba flashi moja, simu yenye bando la kuwashia hotspoti, na muda wa nusu saa. Muuzaji akianza kukuharakisha, nenda duka la jirani.

Anza na mashine ikiwa imezimwa. Iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, au kava la chini limefura, au tachipadi imeinuka na haibonyei vizuri, betri imevimba. Hiyo usiichukue hata kwa punguzo, ni hatari. Fungua na funga kioo taratibu ukisikiliza bawaba; mlio wa kukwaruza maana yake skrubu zimelegea ndani au plastiki imekatika. Ikiwa imevalishwa stika mpya mgongoni, omba ibanduliwe kona moja. Stika nyingi zinaficha mikwaruzo tu, ila nyingine zinaficha ufa.

Kisha iwashe ukiwa umeshika kitufe cha BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows): F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikikuomba paswedi, hapo hapo irudishe. Kwenye laptopu hizi za kiofisi paswedi ya BIOS haifutiki kwa kuchomoa kibetri cha saa kama tulivyozoea kwenye kompyuta za zamani. Imehifadhiwa kwenye chipu, na kuitoa ni kazi ya kuchomelea au kuandika upya chipu. Ukiingia bila kuombwa kitu, soma namba ya utambulisho wa mashine na uilinganishe na iliyoandikwa chini ya ganda. Zikitofautiana, bodi ilibadilishwa au ganda si lake.

Ukishaingia Windows, fanya haya kwa mpangilio wowote unaoupenda:

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye ukurasa wa utendaji. Hapo utaona prosesa kwa namba yake nzima, RAM, na nafasi zilizotumika, mfano 1 kati ya 2. Hiyo ndiyo ripoti ya kuamini. Stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi inahamishika.

Fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika `powercfg /batteryreport`. Itatengeneza faili, ifungue kwenye kivinjari. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, ambao ni ujazo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni ujazo uliobaki. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Asilimia 80 kwenda juu ni nzuri sana kwa used, 60 inavumilika, chini ya 50 hesabu bei ya betri mpya na uikate kwenye bei. Kama ujazo uliobaki umelingana kabisa na wa kiwandani na mashine ina miaka sita, ama betri ni mpya ya kopi ama inadanganya. Chomoa chaja, fungua video kwa dakika kumi na tano, tazama asilimia zinavyoshuka. Ikidondoka kutoka 90 hadi 60, umepata jibu.

Andika `slmgr /xpr`. Ikisema Windows imewashwa moja kwa moja, sawa. Ikitaja tarehe ya kuisha, mara nyingi Windows imechakachuliwa, na zana za kuchakachua mara nyingi huja na virusi ndani. Si sababu ya kuacha mashine nzuri, maana laptopu nyingi za kiofisi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro iliyofungwa kwenye BIOS. Ukiweka Windows Pro safi kwa flashi, ikiunganishwa na intaneti inajiwasha yenyewe bila kuandika namba yoyote. Mwambie muuzaji aiweke upya mbele yako.

Na hilo la kuweka upya mbele yako lina faida nyingine ambayo ni kubwa kuliko zote. Laptopu ya kampuni ya Ulaya au Marekani inaweza kuwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni yake ya zamani. Muuzaji huiwekea Windows bila intaneti, inafanya kazi miezi, halafu siku mwanafunzi anaiformati akiwa ameunganishwa Wi-Fi, inamletea ukurasa wa kampuni asiyoijua unaomtaka aingie kwa barua pepe ya kazini. Hakuna fundi wa mtaani anayefuta usajili ule, uko kwenye seva za huko. Kwa hiyo wakati wa kuweka Windows, iunganishe na hotspoti yako. Ikikuletea jina la kampuni, ondoka.

Mengine ni ya haraka: fungua Notepad ubonyeze kila kitufe kimoja kimoja, hasa Enter, nafasi, na herufi a, chomeka flashi kwenye kila tundu, kamera, maikrofoni, spika, weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi kioo kizima utafute mistari na madoa. Angalia pia mpangilio wa kibodi. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zinaanza na AZERTY. Stika za herufi zinabanduka baada ya miezi michache.

Kwa ThinkPad T480 chomeka chaja ya USB-C uitikise kidogo. Tundu lile lina tatizo linalojulikana la programu ya ndani ya Thunderbolt. Lenovo walitoa rekebisho, lakini mashine nyingi zilizunguka bila kuwekewa, na chipu ikishakwama tundu linakufa taratibu.

Nkuhungu_mwisho_wa_lami

Nipinge kidogo. Si kila mpya ni takataka. Mtu asiye na fundi wa kumwamini karibu, na kazi yake ni kuandika tu, mpya yenye RAM GB 8 na SSD ya kweli, prosesa i3 ya kizazi cha 11 au 12, ni amani ya moyo. Tatizo ni kwamba kwa laki saba ni ngumu kuipata, hapo nakubali.

Kuhusu Kariakoo: treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000 kabla mtu hajala. Tofauti ya bei kwa laptopu moja mara nyingi inaishia hapo hapo, na ikianza kuzimika wiki ya pili utalipa tena nauli kuirudisha. Nunua Dodoma, kwa mwenye fremu, si kwa winga anayekutembeza. Risiti ya EFD iandikwe modeli na namba ya utambulisho wa mashine, siyo "laptop 1". Siku za kurudisha ziandikwe kwa kalamu nyuma yake.

Sasa mazingira. Dodoma kuanzia Juni mpaka mvua zinaporudi ni vumbi na upepo. Feni inavuta hewa kwa chini na kuitoa kwa pembeni, vumbi linajishona kwenye mapezi ya kupoozea kama kipande cha blanketi, joto linapanda, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwanafunzi anasema "laptopu imekuwa nzito", anaiformati, haisaidii. Asiitumie juu ya godoro wala kanga. Mara moja kwa mwaka, kiangazi kikiisha, ifunguliwe: betri ichomolewe kwanza, feni izuiwe kwa kidole ili isizungushwe na upepo wa kupulizia, vumbi litolewe kwa brashi laini. Ikiwa na zaidi ya miaka minne, pasta ya joto ibadilishwe hapo hapo.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Chaja za laptopu zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hauziui. Kinachoua ni ule msukosuko unaporudi. Subiri dakika tano ndipo uchomeke. Fridge guard si lazima, soketi yenye kinga inatosha.

Mama_Kisasa

Nashukuru sana wanangu. Leo nimepita maduka mawili mjini na kijana wa jirani, tumefanya ule ukaguzi wa betri na RAM. Zimebaki mbili:

Ya kwanza ni HP EliteBook 840 G5, i5-8350U, RAM GB 8 nafasi 1 kati ya 2, SSD 256, kioo 1920×1080. Betri kiwandani 50,000, sasa 29,800. Windows imetaja tarehe ya kuisha. Laki sita na arobaini.

Ya pili ni ThinkPad T480, i5-8250U, RAM GB 16, SSD 256, kioo 1366×768. Ina betri mbili: ya ndani 17,000 kati ya 24,000, ya nje 9,000 kati ya 24,000. Windows iko sawa. Laki sita na themanini.

Kijana anasema ya pili kwa sababu ya RAM 16. Nyinyi?

ramani_na_takwimu

Ya kwanza, mama. RAM inaongezwa kwa dakika kumi, kioo kukibadilisha ni gharama na ni kazi ya fundi makini. Kwenye GIS atakitazama kile kioo kila siku kwa miaka mitatu. Kama kozi ingekuwa ya kuandika programu na kuendesha virtual machine (kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu), ningegeuza jibu.

fundi_sabasaba

Naungana naye. Betri ya HP ni kama asilimia 60. Kwa kazi nyepesi mashine hii inakula wati 7 mpaka 9, kwa hiyo 29,800 (ni mWh, yaani kama wati-saa 30) inampa saa tatu na nusu hivi, vipindi vya asubuhi vinapita. T480 jumla ana 26,000, hayuko mbele. Sifa yake pekee hapo ni kwamba betri ya nje anaibadilisha mwenyewe bila bisibisi.

Masharti ya kumpa muuzaji wa HP: aweke Windows 11 Pro upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na hotspoti yako, na `slmgr /xpr` irudiwe baada ya hapo. Ikijiwasha yenyewe, leseni ya kiwandani ipo. Asipokubali, mwombe ashushe bei, au uondoke.

Elfu sitini inayobaki usiimalizie kwenye begi na mausi. Itunze kwa ajili ya RAM. Aina yake ni DDR4 ya laptopu, pini 260, GB 8, kasi 2400 au zaidi. Ukibeba ya 2666 au 3200 itashuka yenyewe hadi 2400, hakuna tatizo. Usikubali DDR3L, ina pini 204 na haiingii. Kuiweka: zima kabisa, chomoa chaja, fungua kava la chini, chomoa waya wa betri kwenye bodi, ingiza kipande kikiwa kimeinama mpaka dhahabu isionekane, kisha kilaze mpaka vibanio viwili vya pembeni vilie. Isipowaka mara ya kwanza, kipande hakijaingia mpaka mwisho, kitoe ukirudishe.

Mama_Kisasa

Nimeelewa. La mwisho: chaja aliyonionyesha ina plagi ya pini mbili za duara, na nikigusa ganda la laptopu nasikia kama sisimizi wanatembea. Ni shoti?

Nkuhungu_mwisho_wa_lami

Si shoti mama. Chaja ina vipashio vinavyopitisha umeme kidogo sana kuelekea ardhini, na plagi ya pini mbili haina njia ya ardhi, ndiyo maana unausikia kwenye ganda la chuma. Mwambie akubadilishie ule waya wa ukutani tu, uwe wa pini tatu za mraba wenye umbo la jani mwishoni. Kichwa cha chaja kinabaki hicho hicho. Pini mbili pia zinalegea kwenye soketi zetu na kutoa cheche, kwa hiyo huo waya dai kabla ya kulipa. Halafu geuza kichwa cha chaja usome: kiwe cha HP kweli, wati 45 au 65, chenye ncha nyembamba ya bluu.